Mtoto Asiyejua Kusema Anapimwaje Macho?

(Hotuba ya afisa wa elimu ya watu wazima kwa wanakisomo waliohitimu, wakati wa kufungua kikundi chao cha kusoma)



Wahenga walisema: mwenye macho haambiwi tazama. Leo nataka tuzungumze juu ya macho. Lakini kabla sijaanza, ni lazima nikiri kosa langu mbele yenu. Mimi ni mwalimu. Nilifundishwa ualimu chuoni, sikufundishwa udaktari. Siku moja nilijibu swali ambalo sikulijua, na jibu langu lilimchelewesha mtoto wa mwenzetu.

Swali la mama mmoja

Katika darasa moja la kisomo nililokuwa nikilitembelea palikuwa na mama aliyekuja na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa wa miezi minne. Baada ya somo yule mama alinifuata akaniuliza, "Mwalimu, mtoto wangu hanitazami. Nikicheka hacheki. Nikiimba anageuza kichwa, lakini macho yake hayanifuati. Je, anaona?"

Mimi nikajibu haraka haraka, kama wafanyavyo watu wasiojua. Nikamwambia, "Mama, ngoja akue. Akianza kusema, atakwambia mwenyewe kama anaona ama haoni."

Yule mama akangoja. Majirani nao wakasema yao. Wengine walisema mtoto ni mzito wa akili. Wengine walisema amerogwa. Miezi mitano ikapita. Siku ya kupima uzito, bwana mganga wa zahanati alimmulika mtoto machoni kwa tochi. Akaona weupe katikati ya mboni, katika macho yote mawili. Ulikuwa ni ugonjwa uitwao mtoto wa jicho. Siyo wazee peke yao wanaoupata. Mtoto mchanga huweza kuzaliwa nao.

Mtoto alipelekwa hospitali kubwa akafanyiwa upasuaji. Sasa anamfuata mama yake kwa macho. Lakini madaktari walimwambia mama maneno ambayo mimi sitayasahau. Walisema, "Mngemleta mapema, angeona vizuri zaidi."

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Nilitaka kujua: mtoto asiyejua kusema anapimwaje macho? Nilichokipata ndicho nitakachowaeleza leo.

Ubao wa herufi na shida yake

Wengi wenu mmeuona ule ubao wa herufi ukutani hospitalini. Juu kuna herufi kubwa. Chini yake herufi zinazidi kuwa ndogo. Unasimama mbali, unafumba jicho moja, unasoma. Ubao huo ulitengenezwa na daktari wa Uholanzi aitwaye Herman Snellen, mwaka 1862, na mpaka leo unatumika duniani kote.

Ni kipimo kizuri. Lakini kina shida moja. Kinamtaka mtu ajibu. Na ili ajibu ni lazima ajue herufi. Ninyi mnalijua jambo hili kuliko mimi. Kabla ya kisomo, mtu mwenye macho makali ya kuona mbuzi ng'ambo ya bonde aliweza kusimama mbele ya ubao ule akanyamaza kimya. Siyo kwamba haoni. Hajui kusoma tu. Kwa sababu hiyo siku hizi upo ubao wenye herufi E peke yake, iliyogeuzwa huku na huku. Mtu huonyesha kwa vidole miguu ya ile E inaelekea wapi.

Hata hivyo wapo wasioweza kuonyesha hata kwa vidole. Mtoto mchanga hawezi. Mtu aliyezirai hawezi. Mtu ambaye akili yake haikukua sawasawa pengine hawezi. Tena yupo mtu aliyeumia jicho kazini, akasema haoni, na wakubwa wake wakasema anadanganya ili alipwe. Huyu anajibu, ila jibu lake haliaminiwi. Watu wote hao watasaidiwaje?

Jicho haliioni dunia peke yake

Ndugu zangu, hapa tuende polepole. Tumezoea kusema jicho linaona. Kweli, jicho hupokea mwanga. Lakini anayeona hasa ni ubongo.

Mwanga huingia kwa kupitia mboni, ukafika kwenye utando mwembamba ulio nyuma ndani ya jicho. Utando huo hugeuza mwanga kuwa ujumbe. Ujumbe hupita katika mshipa wa fahamu kama barua inavyopita njiani. Mwisho wa safari ni sehemu ya nyuma kabisa ya ubongo. Hebu kila mmoja ajishike kisogoni. Hapo ndani, chini ya mkono wako, ndipo barua za macho zinapofunguliwa na kusomwa.

Tumejuaje? Katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 na 1905, askari wengi walipigwa risasi kichwani. Daktari mmoja wa macho wa Kijapani, Tatsuji Inouye, aliwapima wale walioumia kisogoni. Macho yao yalikuwa mazima, lakini kuna sehemu ya mbele yao wasiyoiona. Alilinganisha mahali risasi ilipopita na sehemu iliyopotea, akapata kujua kila sehemu ya kisogo inashughulikia upande gani wa kuona.

Kwa hiyo mtu anaweza kukosa kuona kwa sababu tatu. Kwanza, jicho lenyewe ni bovu. Pili, njia ya ujumbe imeharibika. Tatu, ubongo hauupokei ujumbe.

Umeme mdogo wa ubongo

Ujumbe huo wa macho husafiri kwa umeme. Msishtuke. Siyo umeme wa kuunguza. Ni umeme mdogo sana uliomo katika mwili wa kila kiumbe hai.

Mwaka 1875 daktari wa Kiingereza, Richard Caton, alieleza kwamba ameupata umeme huo katika ubongo wa sungura na nyani. Mwaka 1924 daktari wa Ujerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, aliupata kwa binadamu. Taarifa yake aliichapisha mwaka 1929. Aliona kwamba mtu akifumba macho akatulia, umeme wa ubongo unakwenda kwa mawimbi ya utaratibu. Akifumbua macho, mawimbi yale yanabadilika. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ubongo unatoa habari za macho hata kama mdomo umefungwa.

Wataalamu wakafikiri: ikiwa ni hivyo, basi tunaweza kumwonyesha mtu kitu, halafu tukauuliza ubongo wenyewe, "Je, umekiona?"

Kipimo kinavyofanyika

Mtu hukaa kwenye kiti. Mtoto mchanga hupakatwa na mama yake. Mpimaji hubandika kijisahani kidogo cha chuma kisogoni, kingine juu ya paji la uso, na cha tatu utosini au sikioni. Hupaka mafuta mazito ili vishike. Kila kijisahani kina waya unaokwenda kwenye mashine.

Akina mama wengi huogopa waya. Msiogope. Mashine haipeleki umeme kichwani. Inasikiliza tu, kama daktari anavyosikiliza kifua kwa mpira wake. Mtu hapigwi sindano wala hakatwi.

Mbele ya mtu huwekwa kioo kama cha televisheni. Juu ya kioo kuna miraba myeusi na myeupe, mfano wa ubao wa drafti. Kisha miraba inabadilishana. Palipokuwa peusi panakuwa peupe, palipokuwa peupe panakuwa peusi. Hivyo hivyo mara mbili kila sekunde. Mwanga wa kioo chote hauongezeki wala haupungui. Ni picha tu inayobadilika. Kwa hiyo ubongo ukijibu, tunajua umeiona miraba yenyewe, siyo mwanga tu. Kila jicho hupimwa peke yake, na lingine hufunikwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, jibu hutokea kisogoni haraka sana. Gawanya sekunde moja mafungu kumi. Baada ya fungu moja tu, jibu limefika.

Njia ya miguu

Lakini hapa kuna taabu. Jibu lile ni dogo mno. Jiwe moja la tochi lina nguvu ya volti moja na nusu. Ukiigawanya nguvu hiyo mafungu 150,000, fungu moja ndilo kadiri ya jibu la ubongo. Tena ubongo hauna kazi ya macho peke yake. Wakati huo huo unasikia, unawaza, unaendesha mwili. Umeme wa kazi hizo zote ni mkubwa kuliko jibu tunalolitafuta. Ni kama kumtafuta mtu mmoja anayenong'ona katikati ya mnada.

Taabu hiyo iliondolewaje? Fikirini njia ya miguu katika majani. Mtu mmoja akipita mara moja, huoni alama. Ng'ombe nao wanapita hovyo hovyo, huyu huku, yule kule. Lakini watu mia moja wakipita mahali pale pale, njia inaonekana. Nyayo za ng'ombe hazifanyi njia kwa sababu hazipiti mahali pamoja.

Mashine hufanya vivyo hivyo. Hubadilisha miraba mara mia moja, na kazi hiyo haifiki dakika moja. Kila mara huandika umeme wa kisogoni, kisha hujumlisha maandishi yote. Kelele za ubongo huja hovyo, hivyo zinafutana. Jibu la macho huja kwa wakati ule ule kila mara, hivyo linajikusanya na kuonekana. Mtu aliyeonyesha njia hii ya kujumlisha alikuwa George Dawson wa London, katika miaka ya 1950.

Miraba mikubwa na miraba midogo

Sasa tunarudi kwenye swali la mama. Mtoto anaona kiasi gani?

Mpimaji huanza na miraba mikubwa. Ubongo ukijibu, huweka midogo. Ukijibu tena, huweka midogo zaidi. Mwisho miraba inakuwa midogo hata macho hayawezi kuitenganisha, yanaona rangi ya majivu tu. Hapo ubongo hunyamaza. Pale uliponyamaza ndipo mpaka wa macho yake. Ni kama kushuka mistari ya ule ubao wa herufi, ila anayesoma ni kisogo, siyo mdomo.

Wapo wanaotumia mistari badala ya miraba. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa San Francisco, Marekani, Anthony Norcia na Christopher Tyler, walieleza walivyowapima watoto wachanga kwa mistari inayoanza minene na kuwa myembamba katika muda wa sekunde kumi tu. Waliona kwamba katika mwezi wa kwanza mtoto anaona kidogo, lakini anaona. Na kufikia miezi minane ubongo wake unajibu mistari myembamba karibu sawa na mtu mzima.

Hebu mfikirie miezi hiyo minane. Ndiyo miezi ubongo unapojifunza kuona. Ubongo wa mtoto ni kama mwanafunzi. Asipopata picha safi kutoka machoni, hajifunzi. Hata macho yakitengenezwa baadaye, kisogo kinakuwa kimepitwa na somo. Na mimi nilimwambia yule mama angoje!

Ujumbe unaochelewa

Kipimo hiki hakionyeshi tu kwamba jibu limekuja. Kinaonyesha pia limekuja lini. Mwaka 1972 madaktari wa London, Martin Halliday na wenzake, waliwapima watu waliopata uvimbe katika mshipa wa fahamu wa jicho. Wengine walikuwa wamekwisha pona, wanasoma vizuri. Lakini ujumbe wao ulifika umechelewa. Njia ilikuwa bado na matope, ingawa msafiri alifika.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya, sisi wa kijijini yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime hapa Tanzania, watu walipatwa na konzo. Huo ni ugonjwa wa kukakamaa miguu ghafla. Huwapata watu wanaokula mihogo michungu isiyotayarishwa vya kutosha kuondoa sumu, hasa wakiwa hawana chakula kingine cha kujenga mwili. Kongo pia wanaujua tangu zamani. Wataalamu waliwapima wagonjwa wa konzo wa Kongo kwa kipimo hiki cha kisogo, na mwaka 2003 walitoa taarifa. Baadhi ya wagonjwa walikuwa na ujumbe uliochelewa au uliokosekana kabisa. Kumbe sumu ile haikugusa miguu peke yake. Iligusa hata njia ya macho. Kwa hiyo loweka mihogo michungu siku za kutosha na uianike vizuri, kama wazee walivyotufundisha.

Mambo ambayo kipimo hiki hakiwezi

Mwalimu mwema husema na upungufu wa kitu, siyo sifa tu.

Kwanza, hakitibu. Kinapima tu.

Pili, mtu akifumba macho, au akitazama pembeni kwa makusudi, jibu linaharibika. Kwa hiyo jibu zuri ni ushahidi mkubwa kwamba ujumbe wa macho unafika kwenye ubongo. Lakini kukosekana kwa jibu peke yake siyo ushahidi kwamba mtu ni kipofu, wala kwamba ni mwongo. Yule mfanyakazi aliyeumia asihukumiwe kwa karatasi moja. Ni lazima daktari alinganishe na vipimo vingine.

Tatu, hakisomi mawazo. Kinaonyesha barua imefika. Hakionyeshi kama mtu ameielewa.

Nne, ni kazi ya wataalamu wa hospitali kubwa. Msiende kukidai zahanati.

Tufanye nini hapa kijijini?

Mtauliza, kama mashine iko mbali, kwa nini nimewaeleza? Nimewaeleza ili jambo moja liwakae moyoni. Hakuna mtu mchanga mno, wala bubu mno, wala mjinga mno, hata macho yake yasiweze kupimwa. Usingoje mtoto aseme. Kutoka leo mtu asikwambie kama nilivyomwambia yule mama.

Na tochi ya bwana mganga iko karibu. Mpelekeni mtoto zahanati upesi mkiona mojawapo ya mambo haya:

Mtoto wa miezi mitatu hafuati uso wa mama kwa macho.

Mboni ina weupe badala ya weusi. Hii huenda ikawa mtoto wa jicho, au saratani ya jicho inayoweza kuua.

Macho yanachezacheza bila kutulia, au jicho moja linakwenda kando siku zote.

Ukimfunika jicho moja analia, ukimfunika la pili hajali. Huenda lile asilolijali ndilo bovu, na lile analolilia kufunikwa ndilo peke yake linaloona.

Hapo tusikilize tena. Mtoto akifunikwa jicho zima, analia kwa sababu amebaki gizani. Akifunikwa jicho bovu, hajali kwa sababu hajapoteza kitu. Kwa hiyo jicho lisilomuudhi likifunikwa ndilo la kutiliwa shaka. 

Zahanati wakiandika barua ya rufaa, isilale kwenye sanduku. Muhimbili iko Dar es Salaam, KCMC iko Moshi, na Bugando iko Mwanza. Zote ni hospitali za rufaa zinazotibu macho. Nauli ni shida, najua. Lakini kikundi kama hiki kinaweza kuchangiana nauli, kama tunavyochangiana kwenye msiba. Afadhali kuchangia macho kuliko kuchangia fimbo ya kipofu.

Juzi nilipita kwa yule mama. Mtoto alikuwa amekaa mkekani na miwani yake minene usoni. Aliponiona alinyanyua mkono akaigusa kalamu iliyokuwa mfukoni mwangu. Mama akacheka, akasema, "Mwalimu, hajajua kusema bado. Lakini amekwisha kukujibu."



Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kwa nini mtu mwenye macho mazima anaweza kukosa kuona?

2. Mashine inapataje jibu dogo katikati ya kelele za ubongo? Elezeni kwa mfano wenu wenyewe.

3. Kuna mtoto yeyote katika kijiji chetu ambaye hafuati kwa macho? Tumsaidieje mama yake wiki hii?